Mahadhi ya Mashujaa: Nani Atayapokea?



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Maskati, vijana hawachoki kutazama filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale warukao angani na kuokoa miji. Wazee aghlabu husema kuwa hayo ni makelele matupu. Leo tumeona ni vyema tuziache ngumi na mioto, tuuzungumzie muziki unaofuatana na filamu hizo, kwani ndani yake mna funzo kwa watu waliohama kama sisi.

Filamu ya Superman ilitolewa mwaka 1978, na muziki wake ulitungwa na Mmarekani John Williams. Shujaa alipewa mahadhi yake mahsusi, yenye kuongozwa na tarumbeta, hata aliye jikoni akiyasikia hujua nani ameingia. Filamu ya pili (1980) na ya tatu (1983) alikabidhiwa Ken Thorne, naye hakuyatupa mahadhi yale. Mwaka 2006 John Ottman aliyarejesha katika filamu ya Superman Returns, na filamu mpya ya mwaka 2025, yenye watunzi wengine kabisa, ikayachukua tena. Miaka 47 imepita, waigizaji wamebadilika, ilhali baba na mwana humtambua shujaa kwa mahadhi yale yale.

Tulinganishe na Iron Man. Filamu zake tatu, za miaka 2008, 2010 na 2013, zilikuwa na watunzi watatu: Ramin Djawadi, John Debney na Brian Tyler. Kila mmoja alikuja na mahadhi yake. Hatusemi kuwa kazi zao ni mbovu. Lakini waombeni vijana wenu wawaimbie mahadhi ya Superman, kisha ya Iron Man, nanyi mtapima wenyewe.

Iko pia Black Panther ya mwaka 2018, ambayo ndani yake ameigiza Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Mtunzi wa muziki wake, Ludwig Göransson wa Sweden, alisafiri hadi Senegal akafuatana na mwimbaji Baaba Maal ili ajifunze. Mfalme T'Challa akapewa tama, ngoma ndogo ya kwapani ambayo ikibanwa sauti yake hupanda na kushuka kama mtu asemaye. Mwaka 2019 muziki huo ulipata tuzo ya Oscar. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme huyo, alifariki Agosti 2020. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2022, mwenye kiti hayupo, lakini mtunzi alikuwa yule yule, na mahadhi ya Wakanda yakarejea.

Jambo hili si geni kwetu. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Bi Kidude alizipokea akaziimba kwa sauti yake mwenyewe ya kukwaruza, mpaka alipofariki mwaka 2013. Hakumwiga Siti, wala hakumfuta.

Na hapa Oman, katika miji ya pwani kama Sur, ngoma ya lewa ingali inachezwa kwa zumari na ngoma zenye asili ya Afrika Mashariki. Maneno ya Kiswahili yangali yanasikika katika nyimbo zake, hata vinywani mwa wengine wasioyajua maana. Tunafurahi kwamba mahadhi yamedumu kuliko lugha, na papo hapo tunaingiwa na hofu. Je, hilo ndilo tunalowatakia wajukuu zetu, wabaki na mdundo bila ya maana?

Filamu hizo zina makampuni ya kuzihifadhi. Nyimbo ambazo bibi zetu huwabembelezea watoto, na zile za kumtoa biharusi, nyingi hazikuwahi kurekodiwa popote. Zinakaa katika vifua vya watu wazima waliobaki wachache, na kizazi kimoja kikinyamaza, hapatakuwa na cha kupokewa.

Kwa hivyo tunatoa rai. Ijumaa hii, baada ya chakula, mwombeni bibi aimbe wimbo mmoja tu. Kijana aurekodi kwa simu yake, ayaandike maneno, aulize maana ya kila neno na wimbo huimbwa wakati gani. Na kijana huyo akitaka kuupigia kinanda au kuutilia ngoma za kisasa, tusimkemee, maadam mahadhi yenyewe hayakupotea. Hivyo ndivyo walivyofanya Thorne na Ottman, na ndivyo alivyofanya Bi Kidude.

Wabillahi tawfiq.