Maji yaliyotuama uani na uwanjani: tuyaondoe kabla ya masika

Leo, Inshaallah, tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka mvua ikiwa imeshanyesha: maji yanayotuama katika ua wa nyumba, bustani, uwanja wa madrasa na pale watoto wanapochezea mpira.

Wakazi wa Kikatiti na vijiji vya jirani wanalijua tatizo hili. Tuko chini ya mlima Meru. Maji ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hushuka kutoka juu, huvuka barabara kuu ya Arusha–Moshi, kisha hutafuta njia kuelekea mto Kikuletwa. Yakikuta kiwanja kilichobonyea kama sahani, hukaa humo. Aprili 2024 jijini Arusha tuliona nguvu ya maji yanayokwenda kasi, gari la shule liliposombwa na wanafunzi wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Maji yaliyotulia hayana kelele kama hiyo, lakini nayo yanadhuru.

Yai la mbu huchukua takriban wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Kwa hiyo dimbwi linalokauka ndani ya siku tatu halikuzi mbu, na lile linalokaa wiki tatu limeshatoa kizazi kizima. Ni kweli mkoa wa Arusha una malaria kidogo kuliko mikoa mingi, lakini hilo lisitufanye tulale. Tena kuna minyoo ya safura, ambayo wengi huisahau. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na kinyesi cha binadamu, na huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu. Mtoto anayecheza peku golini kwenye tope lililopokea maji ya choo kilichofurika yuko hatarini. Baada ya miezi unamwona amepauka, hana damu, na darasani anasinzia.

Kwa Muislamu lipo pia suala la twahara. Tope la njiani lisiloepukika wanazuoni wamelifanyia wepesi, lakini choo kikitapika na maji yake yakaonekana uani, hiyo ni najisi na nguo ya swala haisalimiki. Na tunajua Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Sasa tujihesabu wenyewe. Chukua msikiti wenye waumini 40, kila mmoja akitumia lita 4 kutawadha, mara tano kwa siku. Hizo ni lita 800 kila siku, hata kiangazi. Zinakwenda wapi? Mara nyingi bomba hutolewa nje ya ukuta tu, likaachwa. Nyuma ya msikiti panakuwa na bwawa la kudumu, na ndipo watoto wa madrasa wanapochezea. Mtume (s.a.w.) alitosheka na mudi moja ya maji kwa udhu, pungufu ya lita moja. Bomba tunaloliacha wazi huku tunazungumza ni mwanzo wa bwawa hilo.

Kabla ya kumwita fundi, fanya jaribio. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakishanywewa lijaze tena. Yakiisha kwa saa chache, udongo wako unanyonya vizuri, na shimo la mawe litatosha kwa maji ya udhu na ya kuogea. Lichimbwe mbali na msingi wa nyumba, na angalau mita 30 kutoka kisimani. Ukikuta maji bado yapo asubuhi ya pili, huo ni udongo mzito na shimo halitakusaidia. Hapo unahitaji mtaro wa kuyapeleka maji mbele.

Wengi wetu kila mwaka tunamwaga kifusi juu ya tope. Hiyo ni kupoteza fedha, maana maji hayajaondoka, yamesogezwa tu, aghalabu kwa jirani. Kinachotakiwa ni mwinamo. Kwa uwanja wa mpira, mwinamo wa mita 1 kwa kila mita 100 unatosha. Uwanja wenye upana wa mita 60 basi uinuliwe katikati sentimita 30 na ushuke pande zote mbili. Mpira mwembamba wa maji wanaotumia mafundi waashi unatosha kupimia. Pembeni chimbeni mtaro, mujaze mawe makubwa chini, kokoto juu yake, na mwisho mchanga. Kisha pandeni ukoka, maana udongo mtupu husombwa na mvua ya kwanza na kuziba mtaro wote.

Nyumbani, ardhi ishuke kutoka ukutani sentimita 2 kwa kila mita. Maji ya jikoni na ya kuogea yaelekezeni kwenye migomba, inayapenda. Msielekeze mtaro kwenye kiwanja cha jirani. Kaeni naye kwanza mkubaliane njia ya pamoja hadi kwenye mfereji wa kijiji, kwani kumdhuru jirani hakuruhusiwi hata kama mvua si yako.

Maji ya paa ni habari nyingine. Bati la mita 8 kwa 10, kwa mvua ya milimita 20, linatoa karibu lita 1,600. Ukiyaacha yadondoke uani, ndiyo hayo yanayochimba msingi. Nasi tunaishi ukanda ambao maji ya chemchemi na mito mingi yana floridi kuzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana meno ya watoto wetu yana rangi ya kahawia. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana. Wekeni mfereji wa bati na tangi, maji ya dakika za mwanzo yamwagwe kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege, yanayofuata yahifadhiwe kwa kunywa baada ya kuchemshwa. Kinachofurika kutoka tangini ndicho kiende mtaroni.

Toleo lijalo, Allah akitujaalia, tutaeleza namna ya kuosha tangi na kulifunika mbu wasiingie.