Kabla mwanao hajabeba hema

NI saa nane za usiku. Muziki umezimwa, baridi ya Naivasha inapenya hadi mifupani, na katika hema moja kati ya mamia yaliyotapakaa nyasini, wasichana watatu wa chuo wamelala fofofo. Miguuni pao kuna jiko la makaa waliloliingiza ili wapate joto.

Mmoja wao anazinduka kichwa kikimgonga. Anajaribu kusimama, miguu inakataa. Anatambaa hadi mlangoni, anafungua zipu na kuanguka nje. Kijana aliyekuwa akienda msalani ndiye aliyemwona, akawavuta wale wengine wawili nje kwenye hewa safi.

Mwandishi wa makala haya, wakati huo akiwa mwanafunzi, alikuwa hema la tatu kutoka hapo. Tulikimbilia hema la huduma ya kwanza. Taa ilikuwa ikiwaka lakini ndani hapakuwa na mtu. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameenda mjini. Mlinzi langoni alitwambia kazi yake ni kukagua tiketi, basi. Wasichana wale walifikishwa hospitalini kwa pikapu ya mchoma nyama. Walipona, lakini ilikuwa kudra ya Mungu wala si mipango ya binadamu.

Nilikikumbuka kisa hicho majuzi jirani yangu, mama wa watoto wanne, aliponiuliza: "Kitinda mimba wangu anataka kwenda tamasha la kupiga kambi siku tatu. Nimruhusu ama nimkatalie?"

Hilo ni swali zito. Hebu tuangalie wenzetu walioanza mambo haya zamani walijifunza nini, na kwa gharama gani.

Mji usio na hospitali

Mnamo Agosti 1969, vijana walifurika katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Bethel, jimbo la New York, Marekani, kwa tamasha la Woodstock. Waandalizi walikuwa wamewaambia wakuu wa eneo hilo kuwa wangepokea watu 50,000. Walifika zaidi ya 400,000. Ua lilikuwa halijakamilika, kwa hivyo tiketi zikawa karatasi tu.

Barabara zilizibwa na magari hata madaktari na dawa ikabidi zisafirishwe kwa helikopta. Mvua ikanyesha, watu wakatembea pekupeku matopeni na kukatwa na chupa. Kijana mmoja wa miaka 17 alikanyagwa na trekta akiwa amelala ndani ya mfuko wake wa kulalia, kwani dereva hakujua kuna mtu pale.

Hata hivyo, kuna jambo lililookoa wengi. Kundi moja la watu walioishi pamoja kijamaa, Hog Farm, lilipewa kazi ya kudumisha usalama. Badala ya rungu, walitumia maneno matamu na sufuria za chakula cha bure. Vijana waliorukwa na akili kwa dawa za kulevya waliketishwa hemani, wakashikwa mkono na kutulizwa. Aliyepata nafuu aliombwa amkalie mwenzake aliyefuata.

Miezi minne tu baadaye, Desemba 6, 1969, kukawa na tamasha jingine la bure huko Altamont, California. Mahali palibadilishwa dakika za mwisho na jukwaa likawa fupi mno. Kulilinda, waliitwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki, ambao malipo yao yalikuwa bia ya dola 500. Walipiga watu kwa fito za kuchezea pool. Meredith Hunter, kijana wa miaka 18, alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Alikuwa ametoa bastola, na aliyemchoma aliachiliwa na mahakama kwa kujitetea. Wengine wawili waliuawa na gari walipokuwa wameketi kando ya moto, na mmoja akazama mtaroni.

Tofauti ya Woodstock na Altamont inatufunza kwamba mlinzi mlevi ni hatari kuliko kukosa mlinzi.

Kifo ndani ya umati

Kuna wanaodhani kuwa umati huua kwa kukanyaga tu. La hasha. Mnamo Juni 30, 2000, katika tamasha la Roskilde nchini Denmark, watu walisukumana kuelekea jukwaani bendi ya Pearl Jam ilipokuwa ikipiga. Ardhi ilikuwa telezi kwa mvua. Waliokuwa mbele walianguka, wengine wakaanguka juu yao. Bendi ilisimamisha muziki na kuwasihi watu warudi nyuma, lakini vijana 9 walipoteza maisha kwa kukosa pumzi.

Mtu aliyebanwa kifua hawezi kupiga mayowe. Ndiyo maana siku hizi matamasha makubwa huugawa umati wa mbele kwa vizuizi, na kuweka walinzi wanaoutazama umati wakiwa wamelipa jukwaa mgongo.

Tamasha la Glastonbury, Uingereza, nalo lilivamiwa na maelfu wasio na tiketi mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata halikufanyika. Liliporudi 2002, lilikuwa limezungushiwa ua mrefu. Ua huo haulindi mapato pekee. Usipojua idadi ya watu waliomo, huwezi kujua unahitaji maji, vyoo na wauguzi wangapi. Isitoshe, tangu 1979 tamasha hilo limekuwa na madaktari na wauguzi wa kujitolea wanaotibu papo hapo, ili hospitali za karibu zisielemewe.

Maswali ya kuuliza

Tukirejea kwetu, mzazi ana haki ya kumpigia simu mwandalizi kabla ya kutoa nauli. Muulize: Nani anatoa huduma ya kwanza, na atakuwepo usiku kucha? Gari la wagonjwa ni lipi, na hospitali iliyo karibu ni ipi? Je, magari yametengwa na mahema? Kama ni kando ya ziwa, kuna ua wa kuzuia viboko, ambao hutoka majini usiku kula nyasi? Akianza kuumauma maneno, jibu umelipata.

Naye mtoto afundishwe haya kabla hajaondoka:

Jiko la makaa lisiingie hemani kamwe, hata likionekana limefifia. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na humkuta mtu usingizini. Abebe blanketi la pili.

Rafiki aliyelewa hadi hajitambui asiachwe peke yake "alale pombe imtoke". Alazwe ubavu ili matapishi yasimsakame kooni, akaliwe, na msaada uitwe.

Wasichana wasiende msalani peke yao usiku, na kila kundi liwe na mahali pa kukutania simu zikizima chaji. Waweke nambari 999 au 112 za polisi, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Jirani yangu alipiga simu. Mwandalizi alimjibu maswali yote isipokuwa moja: nani angekuwa katika hema la huduma ya kwanza saa nane za usiku. Alimwambia angempigia baadaye. Mama huyo amemwambia bintiye kwamba ruhusa yake ipo, ila inangoja simu hiyo.

Binti amenuna. Lakini heri anune nyumbani kuliko mzazi alie hospitalini.