Saa Kumi Ipi? Kuhamishia Mafunzo ya Uandishi wa Kitabibu Katika Jukwaa Jipya la Mtandaoni

Jioni moja, yapata saa 12, mama mjamzito aliletwa katika wodi ya wazazi nilikokuwa zamu, akitokea zahanati iliyo mbali na barabara kuu. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu sana na alikwishapatwa na degedege mara moja kabla ya safari. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kifafa cha mimba. Mumewe alishika barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa hivi: "Mama ana BP ya juu, amepata degedege. Amepewa MgSO4 saa 10. Tafadhali mpokeeni."

Daktari aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo alikwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Yeye aliisoma "saa 10" kwa namna ya Kiingereza, yaani 10:00, saa nne asubuhi kwa saa zetu. Kwa hesabu yake muda wa saa nane ulikuwa umepita, na dawa ambayo hurudiwa kila baada ya saa nne ilikuwa imechelewa mno. Mimi niliisoma saa kumi jioni, yaani 16:00. Kwa hesabu yangu muda uliopita ulikuwa saa mbili tu, na kumchoma tena wakati ule kungekuwa kumwongezea dawa isiyohitajika. Tena barua haikutaja kiasi. Je, alipewa gramu 4 za kwenye mshipa peke yake, gramu 10 za kwenye makalio, au zote 14?

Msomaji asiye wa taaluma hii apaswa kufahamu kwa nini jambo hilo lilitushughulisha. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa tunayoitegemea katika kuzuia na kutibu kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uitwao Magpie, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa takriban nusu. Lakini ikizidi mwilini, kwanza goti huacha kuitika linapogongwa, kisha pumzi hudhoofika, na mwisho moyo waweza kusimama. Ndiyo maana kabla ya kurudia dozi tunahakikisha kuwa mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti lake linaitika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa katika muda wa saa nne zilizotangulia. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuiondolea nguvu, huwekwa karibu.

Tulimpima yule mama, na goti liliitika kwa unyonge. Kwa bahati mumewe alikuwa na namba ya simu ya muuguzi wa zahanati. Alipopokea alijibu bila kusita: saa kumi jioni, dozi kamili ya kuanzia. Sindano ikarudishwa kwenye trei.

Simlaumu muuguzi yule. Alikuwa peke yake zamu, mgonjwa anatikisika kitandani, gari linasubiri nje. Alimpa mama dawa sahihi kwa wakati sahihi, na huenda ndiye aliyemwokoa. Ila katika miaka yote ya masomo yake hakuna aliyeketi naye akamfundisha kuandika barua ile. Wala mimi sikufundishwa. Niliokota kwa kuiga wakubwa zangu, pamoja na makosa yao.

Kutokana na barua za namna hiyo, mimi na wenzangu tulianzisha kozi ya uandishi wa kitabibu kwa wauguzi, wakunga na matabibu walio kazini. Huendeshwa mtandaoni, kwa kuwa anayehitaji mafunzo haya ndiye asiyeweza kuacha kituo chake kwa wiki mbili. Sasa tunaihamisha kutoka mfumo wa zamani kwenda jukwaa lililoboreshwa, na wengi wameuliza kwa nini tunawasumbua kwa mabadiliko. Makala haya ni jibu langu.

Uandishi hufundishwaje kwa mtandao?

Uandishi haufundishiki kwa kutazama video. Niliwahi kurekodi moja ya dakika 40 kuhusu barua ya rufaa, na nina shaka kama hata mke wangu aliimaliza. Mtu hujifunza kuandika kwa kuandika, kusomwa na mwingine, kuoneshwa mahali ambapo msomaji amekwama, kisha kuandika tena. Kule kukwama kwa msomaji ndiko somo lenyewe. Mwandishi hawezi kukuona peke yake, kwa sababu yeye tayari anajua alichokusudia. Muuguzi wetu alijua ni saa kumi ipi.

Mfumo wa zamani haukuufahamu mzunguko huo. Ulipokea faili moja. Mwanafunzi alipoleta nakala ya pili, ya kwanza ilitoweka. Maoni yangu yalikaa chini ya ukurasa yakiwa fungu moja, mbali na sentensi zilizohusika. Mwisho wa kozi mwanafunzi alibaki na alama, lakini hakuwa na njia ya kuona alikotoka.

Jukwaa jipya limejengwa juu ya Moodle, programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002 na ambayo hutumiwa na vyuo vingi duniani. Waliowahi kuitumia zamani wataona sura imebadilika, maana toleo la 4.0 la mwaka 2022 lilipanga upya menyu na kurasa. Sura si jambo kubwa. Mtaizoea kwa siku mbili. Lililo kubwa ni kwamba kila jaribio la mwanafunzi sasa huhifadhiwa, la kwanza, la pili na la tatu, na mkufunzi aweza kuandika maoni yake juu ya kazi yenyewe, kando ya neno lililomkwamisha.

Lipo pia zoezi la aina ya warsha, ambamo wanafunzi husomeana kazi wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja hupata alama mbili: moja kwa alichoandika, nyingine kwa jinsi alivyoisoma kazi ya mwenzake. Hapo ndipo nilipo na matumaini makubwa zaidi. Tutawachanganya kwa makusudi wanaoandika rufaa na wanaozipokea. Mkunga wa zahanati ataisoma barua ya tabibu wa hospitali ya wilaya, na tabibu ataisoma ya mkunga. Mpokeaji atauliza, "Saa ipi? Kiasi gani? Mnatuomba tufanye nini?" Maswali hayo yakitoka kwa mwenzako yana uzito ambao wangu mimi hayana.

Tunafundisha barua yenye sehemu nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini, na ombi. Mpangilio huu haukubuniwa hospitalini. Ulitoka kwa mabaharia wa nyambizi za jeshi la Marekani, ukaingizwa katika tiba na watumishi wa Kaiser Permanente huko Colorado. Baada ya kupewa taarifa kamili za mfano, mwanafunzi mmoja aliiandika barua ya "saa 10" katika jaribio la tatu namna hii:

"Mama wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 36. Degedege mara moja leo 15:40. BP 170/115, protini kwenye mkojo +++. Magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa 15:50, gramu 5 kila kalio 16:00, haijarudiwa. Goti linaitika, pumzi 20 kwa dakika. Tunashuku kifafa cha mimba. Tunaomba mshushe shinikizo la damu, muendeleze dawa kuanzia 20:00 mkishampima, na muamue kuhusu kujifungua."

Barua hii huandikwa kwa dakika tatu. Jaribio lake la kwanza lilijaza ukurasa mzima na halikutaja saa hata moja.

Kinachopaswa kuhama, na kisichopaswa

Kuhamisha kozi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine hufanywa kwa kutengeneza nakala rudufu na kuifungua upya upande wa pili. Nakala hiyo yaweza kutengenezwa pamoja na kazi za wanafunzi au bila kazi hizo. Njia ya pili ni nyepesi, na mafundi huipenda: masomo, picha na maswali huhama, na kozi huonekana nzima. Lakini barua zilizoandikwa na maoni yaliyotolewa juu yake huachwa nyuma.

Yalinikuta nikiwa katika taasisi niliyofundisha awali. Tulifungua mfumo mpya siku ya Jumatatu, kila kitu kikiwa kinang'aa, na maoni ya miaka mitatu hayakuwamo. Seva ya zamani ilikuwa imekwisha kufutwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fundi aliulizwa kama masomo yamehama, akajibu kweli kuwa yamehama. Hakuna aliyemwuliza kuhusu maoni. Tangu siku hiyo nauliza mimi mwenyewe, kwa maandishi, na mfumo wa zamani hauzimwi kabla sijafungua kazi za wanafunzi kadhaa katika mfumo mpya na kuyaona maneno yangu.

Hapa, hata hivyo, pana jambo linalovuta upande wa pili. Barua ambazo wanafunzi walituletea zamani nyingi zilikuwa barua halisi, zilizopigwa picha kwa simu, zikiwa na jina la mgonjwa, kijiji chake na namba ya jalada. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hatuna haki ya kuzisafirisha kutoka seva moja hadi nyingine kwa sababu tu zina maoni mazuri pembeni. Kwa hiyo tunazipitia moja baada ya nyingine. Ambapo jina laweza kufutwa, tunalifuta na barua inahama na maoni yake. Ambapo haliwezekani kufutwa, tunanakili maoni peke yake. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa ambako baadhi yenu mmekulalamikia.

Kuanzia sasa msipakie picha ya barua halisi. Iandikeni upya bila jina, bila kijiji, bila namba ya jalada. Vivyo hivyo msibandike barua ya mgonjwa katika programu za akili bandia ili ziwanyooshee lugha.

Simu na bando

Kuhusu mtandao nitasema machache. Programu ya simu ya Moodle hukuruhusu kupakua masomo unapopata mtandao na kuyasoma baadaye bila kutumia bando. Andika kazi yako kwanza kwenye daftari au kwenye sehemu ya maandishi ya simu, kisha uinakili. Mtandao ukikatika katikati, hutapoteza kitu. Aliyebadili barua pepe au namba ya simu tangu ajisajili atutaarifu mapema, la sivyo ujumbe wa kuweka nywila mpya utakwenda kusikofikika.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Huenda mgonjwa akauliza haya yote yanamhusu nini. Yeye ndiye mbebaji wa barua. Unapopewa rufaa, mwombe mhudumu akusomee mambo matatu kabla hujaondoka: umepewa dawa gani, kiasi gani, na saa ngapi, asubuhi au jioni. Si utovu wa adabu kuuliza. Ikiwezekana, ondoka na namba ya simu ya kituo. Unaporuhusiwa kurudi nyumbani pia, ukiandikiwa "1x3" au "2x1" kwenye pakiti ya dawa, mwombe mtoa dawa aseme kwa mdomo ni vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku, nawe umrudie kwa maneno yako mwenyewe.

Zoezi la kwanza katika jukwaa jipya ni barua ile ile ya "saa 10", isiyo na jina. Zamani tuliitoa pamoja na taarifa zote za mgonjwa, na kazi ilikuwa kuzipanga tu. Safari hii tunaitoa peke yake, na mwanafunzi anaambiwa aiandike upya. Katika majaribio ya mwezi uliopita wengi walijaza mapengo kwa kubuni saa na dozi. Mkunga mmoja alirudisha mstari mmoja tu: "Siwezi kuiandika upya kabla sijampigia aliyeiandika." Tulimpa alama zote.