Mwanga Unaovunja Mawe ya Figo na Nyongo

Kuvunja mawe kwa leza ni tiba ya mawe yaliyokwama katika njia ya mkojo au katika mirija ya nyongo, bila kumpasua mgonjwa. Daktari huingiza endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera, kupitia tundu ambalo mwili tayari unalo, yaani njia ya mkojo au mdomo, hulisogelea jiwe huku akiliona kwenye skrini, kisha hupenyeza faiba, uzi wa kioo usiofika unene wa milimita moja, na kulipiga jiwe kwa mwanga mpaka lisambaratike. Katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mengi huamuliwa kabla mgonjwa hajaifikia leza: jiwe liligunduliwa lini, figo ilizibuliwa mapema au ilichelewa, na mgonjwa atazimudu vipi kilomita zipatazo 500 hadi Kampala, ambako wengi wanaohitaji tiba hiyo huelekezwa.

Jiwe la figo huanza pale mkojo unapobeba chumvi nyingi kuliko maji yanavyoweza kuziyeyusha. Chembe hujitenga, hushikana na kukua kwa miezi au miaka. Takriban mawe manne kati ya matano ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu iliyoungana na oksaleti. Yako ya asidi ya yuriki, yako yanayoletwa na bakteria waliokaa muda mrefu kwenye mkojo, na machache sana ni ya sistini, ambayo asili yake ni ugonjwa wa kurithi. Kwa aina karibu zote, uchache wa mkojo huongeza hatari. West Nile, eneo zilimo Arua na Koboko, ina kiangazi kikali cha kuanzia Desemba hadi Machi, na huo ndio msimu wa kufyatua na kuchoma matofali. Kijana anayeshinda tanurini, au anayeendesha bodaboda kati ya Koboko na mpaka wa Oraba, hutoa jasho kutwa nzima na kukojoa kidogo, tena mkojo uliokolea. Wengi huyalaumu maji ya kisima kwa kuwa huacha ukoko mweupe kwenye birika. Lawama hiyo haina msingi mkubwa: wingi wa maji anayokunywa mtu una uzito kuliko madini yaliyomo, na anayeyaogopa maji ya kisima akanywa kidogo anajiongezea hatari mwenyewe.

Jiwe likitulia ndani ya figo huenda lisiume hata kidogo. Maumivu huja linaposhuka kwenye ureta, mrija wa sentimita 25 hivi unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Hutokea ubavuni, chini ya mbavu, hushuka hadi kinenani, na kwa mwanamume hufika kwenye korodani. Huja kwa vipindi, na huambatana na kutapika. Mgonjwa wa kidole tumbo hulala kimya kwa sababu kujitikisa kunamuumiza. Mgonjwa wa jiwe hatulii, hulala, huinuka, huzungukazunguka chumbani. Tofauti hiyo humsaidia sana mhudumu wa kituo cha afya cha kijijini asiye na kipimo chochote. Damu kwenye mkojo nayo ni dalili ya kuzingatia. Kando ya Nile ya Albert watu wanakijua kichocho, na ni rahisi damu hiyo ikahesabiwa humo. Lakini kichocho cha huko ni kile cha matumbo na ini, tofauti na kile cha kibofu kinachojulikana pwani ya Tanzania na Kenya. Mtu wa Pakwach au Arua anayekojoa damu anastahili kutafutiwa sababu nyingine pia.

Mawe mengi ya chini ya milimita 5 hutoka yenyewe ndani ya wiki chache, mgonjwa akipewa dawa kali ya maumivu kama diklofenaki na kufuatiliwa. Kosa la hatari hutokea hapa. Maumivu yanaweza kukoma ilhali jiwe bado limeziba, kwa sababu figo iliyojaa hupunguza kutengeneza mkojo na shinikizo likashuka. Mgonjwa hushukuru Mungu na kurudi shambani. Figo iliyozibwa kabisa huanza kupoteza uwezo wake kwa kudumu baada ya wiki chache, na hufa bila kelele. Ndiyo maana picha ya pili ya altrasaundi, baada ya maumivu kwisha, ina thamani kuliko ile ya kwanza. Altrasaundi haina budi kusomwa kwa uangalifu: huonyesha vizuri figo iliyovimba na jiwe lililomo ndani yake, ila jiwe lililo katikati ya ureta mara nyingi huipita. Kipimo kinacholiona kwa uhakika zaidi ni CT.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, kwa fuwele ya yakuti nyekundu. Mwaka 1968 watafiti walikuwa wameshajaribu leza ya aina hiyo kwenye mawe ya mkojo. Yalivunjika, lakini joto lilikuwa kubwa mno kwa mwili wa mtu aliye hai. Njia nyingine ikatangulia. Mwezi Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alivunjiwa jiwe la figo kwa mawimbi ya mshtuko yaliyotoka nje ya mwili, na kwa miaka mingi mashine hizo ndizo zilizotawala. Leza ilirudi miaka ya 1980 ikiwa ya mapigo mafupi sana, na miaka ya 1990 ikaja ya holmiamu ambayo mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 2100 hivi, hauonekani kwa macho, na sifa yake kuu ni kwamba maji huumeza upesi. Maji yaliyo ndani ya jiwe hupashwa joto ghafla, jiwe hupasuka, na nguvu inayobaki huishia kwenye maji yaliyo jirani kabla ya kusafiri hata nusu milimita. Ncha ya faiba ikiwa milimita moja kutoka kwenye ukuta wa ureta, ukuta hausikii kitu. Leza ya thuliamu, yenye nanomita 1940, imeongezeka katika miaka ya karibuni; huhitaji umeme mdogo zaidi na hutumia faiba nyembamba zaidi.

Chumbani, mgonjwa hulazwa chali, miguu ikiwa imeinuliwa, naye amepewa nusukaputi au sindano ya ganzi ya mgongoni. Endoskopi hupita kwenye njia ya mkojo, huvuka kibofu, na kutafuta tundu dogo la ureta upande wenye jiwe. Kwanza hutangulizwa waya laini wa kuongoza njia, kwani bila waya huo ureta inaweza kutobolewa. Maji ya chumvi hutiririshwa wakati wote ili picha ibaki safi na joto lisikusanyike. Jiwe huonekana likiwa limejibana, la kahawia au la manjano, mara nyingi limezungukwa na utando uliovimba. Kwa kuwa mwanga wa leza hauonekani, mashine huongeza taa ya kulengea, nyekundu au ya kijani, na nukta hiyo ndogo ikikaa juu ya jiwe daktari hukanyaga pedali.

Kinachofuata hutegemea mipangilio. Mapigo madogo yanayokuja kwa kasi hulikwangua jiwe juujuu na kuligeuza kuwa vumbi jeupe kama unga wa muhogo, litakalotoka na mkojo kwa siku kadhaa. Mapigo makubwa ya polepole hulikata vipande, ambavyo huvutwa nje kimoja kimoja kwa kikapu cha waya. Madaktari hawakubaliani sana kuhusu ipi ni bora. Vumbi huokoa muda na ureta haikwaruzwi kwa kuingia na kutoka, ila vipande vidogo vinaweza kubaki kwenye figo na kuwa mbegu ya mawe mapya. Jiwe la zaidi ya sentimita 2 ndani ya figo kwa kawaida hutolewa kwa njia ya mgongoni, kupitia tundu dogo la ngozi, na huko pia leza inaweza kutumika.

Baada ya kazi, mara nyingi huachwa stenti, mrija laini uliojikunja ncha zote mbili, moja ya ncha hizo ikiwa kwenye figo na nyingine kwenye kibofu. Huzuia uvimbe usizibe mkojo. Huudhi: mgonjwa hukojoa kila mara, huona damu kidogo, na huhisi kuchomwa ubavuni akienda haja. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku chache hadi wiki mbili. Ikisahaulika kwa miezi mingi, chumvi huigandia, na kuitoa kunaweza kuhitaji upasuaji mkubwa kuliko ule wa jiwe. Hili ni tatizo la mpakani hasa. Mgonjwa aliyetibiwa Kampala anaweza kuwa ni mkimbizi wa kambi ya Lobule, au mfanyabiashara wa Kaya upande wa Sudan Kusini, au mtu aliyevuka mpaka wa Vurra kutoka Kongo, naye hana nauli ya kurudi kwa ajili ya mrija asiouona. Kumwandikia tarehe ya kuutoa, kwa lugha anayoisoma, na kumpa nakala aende nayo kwenye hospitali ya karibu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mawe ya nyongo ni jambo tofauti. Wakati wa ukoloni, madaktari wa Uganda waliyaona kwa nadra. Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago aliliandika hilo mwaka 1960 katika kitabu chake kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika, na Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali hiyohiyo, akaja kulihusisha na chakula cha makapi mengi. Burkitt alikuwa na uhusiano na West Nile: safari yake ndefu ya mwaka 1961 ya kufuatilia saratani iliyopewa jina lake aliifanya pamoja na Ted Williams, daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua. Hoja ya makapi peke yake haitoshi kueleza kila kitu, maana uzito wa mwili, uzazi na umri vina nafasi yao. Na iko sababu moja ambayo Uganda inaijua vizuri, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulikuta watoto 13.3 katika kila 100 wamebeba kinasaba chake na 0.7 wanaugua. Chembe nyekundu zikivunjika daima, rangi yake hulundikana kwenye nyongo na kufanya mawe meusi, hata kwa vijana. Minyoo ya matumbo, ikipanda kwenye mirija ya nyongo, nayo inaweza kuacha mawe.

Hapa upo upotoshaji unaostahili kusahihishwa. Jiwe lililo kwenye kifuko cha nyongo halivunjwi kwa leza. Likimsumbua mtu, kifuko chote hutolewa, kwa kuwa kingebaki kingetengeneza mengine. Leza inahusu mawe yaliyotoroka na kukwama kwenye mrija mkuu wa nyongo. Dalili zake ni macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe na maumivu ya juu kulia, na zikiandamana na homa ya kutetemeka, mgonjwa hana siku za kusubiri. Endoskopi hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, tundu la mrija hupanuliwa kwa kulikata, na kwa msaada wa eksirei mawe huvutwa kwa puto au kikapu. Mengi hutoka hivyo. Yaliyo makubwa mno, au yaliyobanwa juu ya sehemu nyembamba, ndiyo yanayohitaji leza, na kwa hayo kamera ndogo huingizwa ndani ya mrija wenyewe. Daktari hapigi bila kuona, maana ukuta wa mrija ni mwembamba na nyuma yake hupita mishipa mikubwa ya damu.

Vifaa hivi si rahisi kuvitunza. Endoskopi inayojipinda huharibika ikikunjwa vibaya wakati wa kuoshwa, faiba huchakaa, na mashine ya holmiamu hutaka umeme usioyumba. West Nile kwa miaka mingi iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak. Lakini kazi kubwa ya kuokoa figo haihitaji leza. Mgonjwa mwenye jiwe lililoziba na homa havunjiwi jiwe siku hiyo, kwani maji yanayosukumwa ndani yangeusambaza uambukizo kwenye damu. Hupewa viuavijasumu, na figo huzibuliwa kwa stenti au kwa mrija unaopitishwa ngozi ya mgongo. Hospitali ya rufaa yenye mpasuaji, altrasaundi na mirija hiyo inaweza kufanya hivyo na kumpeleka mgonjwa mbele akiwa hai, jiwe lake likisubiri wiki mbili au tatu. Mzigo huo unaiangukia zaidi hospitali ya rufaa ya Arua, inayopokea wagonjwa wa wilaya zote za West Nile na wa ng'ambo ya mipaka. Kwa Koboko, iliyo kilomita zisizofika 60 kwa lami kutoka Arua, wajibu ni kutambua mapema na kutuma. Mjamzito, mtoto, mwenye figo moja na asiyekojoa kabisa hawafai kuambiwa wasubiri.

Aliyewahi kupata jiwe la figo ana uwezekano mkubwa wa kupata jingine, na inakadiriwa kuwa takriban nusu yao hulipata ndani ya miaka kumi. Kipande cha jiwe kikipatikana hupelekwa maabara, kwa kuwa jiwe la asidi ya yuriki linaweza hata kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo. Kunywa maji hadi mtu akojoe lita 2 au 2.5 kwa siku ndiyo kinga yenye ushahidi mwingi; kiangazini West Nile hiyo inamaanisha kunywa zaidi ya lita 3, na kikombe kimoja kabla ya kulala. Chumvi ya mezani ipunguzwe. Mchicha, simsim na karanga zina oksaleti nyingi, lakini hakuna haja ya kuviondoa mezani: vikiliwa na maziwa, au na muziri, dagaa wa Ziwa Albert wanaoliwa na mifupa yao, kalsiamu huikamata oksaleti ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni kabla haijaifikia figo.