Saa za Kazi za Mwalimu na Haki ya Kugoma

Saa 12:30 asubuhi stendi ya Buzuruga, jijini Mwanza, imeshachangamka. Huenda nawe umewahi kupanda daladala moja na mwalimu wako, akiwa amepakata mfuko wa madaftari. Madaftari hayo alikwenda nayo nyumbani jana ili ayasahihishe. Je, muda alioutumia usiku ni saa za kazi? Na asiporidhika na majibu ya mwajiri wake, anaruhusiwa kugoma? Watahiniwa wengi huyajibu maswali haya mawili kana kwamba ni moja. Baada ya kusoma sehemu hii utaweza kuyatenganisha.

A. Saa za kazi kisheria

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Kumbuka mambo manne:

(i) Mfanyakazi hufanya kazi siku zisizozidi 6 kwa wiki.
(ii) Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki.
(iii) Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida.
(iv) Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo hupata mapumziko ya dakika 60.

Ofisi za umma kwa kawaida hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani saa 40 kwa wiki. Kazi ya mwalimu haiishi kengele ya mwisho inapogongwa.

Mfano wa kukokotoa. Mwalimu wa Hisabati ana vipindi 28 vya dakika 40 kwa wiki, katika mikondo 4 yenye wanafunzi 60 kila mmoja.

Kufundisha: 28 × dakika 40 = saa 18 na dakika 40
Maandalio ya masomo: 28 × dakika 15 = saa 7
Kusahihisha mara moja kwa wiki: madaftari 240 × dakika 3 = saa 12
Zamu, vikao na usimamizi: saa 10
Jumla: saa 47 na dakika 40

Ratiba iliyobandikwa ofisini inaonyesha saa 18 na dakika 40 tu. Sasa punguza wanafunzi wawe 45 kwa mkondo. Madaftari yatakuwa 180, usahihishaji utachukua saa 9, na jumla itashuka hadi saa 44 na dakika 40, ndani ya kikomo cha saa 45. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi darasani huathiri pia saa za kazi za mwalimu. Pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu linasisitiza jambo hilo: saa za mwalimu zipangwe kwa kushauriana na vyama vya walimu, na zizingatie idadi ya wanafunzi pamoja na muda wa kuandaa na kusahihisha.

B. Aina mbili za migogoro

Mgogoro wa haki hutokea pale jambo lililokwisha kuwekwa na sheria au mkataba linapovunjwa. Mfano: mfanyakazi amefanya saa za ziada kwa makubaliano, kisha hakulipwa. Huu huamuliwa na chombo cha sheria.

Mgogoro wa maslahi hutokea pale wafanyakazi wanapodai jambo jipya. Mfano: posho ambayo bado haipo, au kupunguziwa saa. Huu ndio unaoweza kufikia mgomo.

C. Hatua za mgomo halali

1. Mgogoro uwe wa maslahi.
2. Upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Muda wa usuluhishi ni siku 30, isipokuwa pande zote zikikubali kuuongeza.
3. Usuluhishi ukishindikana, chama kipigishe kura, na wengi wa waliopiga kura waunge mkono mgomo.
4. Mwajiri apewe taarifa ya saa 48.

Watumishi wa umma wanahusika pia na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003, ambayo ina masharti yake ya ziada.

Sheria ya 2004 inazuia migomo katika huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Elimu haimo katika orodha hiyo. Aliyegoma kihalali hawezi kufukuzwa kwa sababu ya mgomo huo, lakini mwajiri halazimiki kumlipa mshahara wa siku ambazo hakufanya kazi.

D. Mfano halisi: mgomo wa walimu wa mwaka 2012

Tarehe 30 Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilianza mgomo nchini. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100. Posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa. Na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Katika baadhi ya maeneo wanafunzi waliandamana wakitaka wafundishwe. Tarehe 2 Agosti 2012 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kuwa mgomo huo haukuwa halali kwa sababu taratibu hazikufuatwa, ikaamuru walimu warudi kazini.

Soma uamuzi huo kwa makini. Kutamka kwamba taratibu za mgomo hazikufuatwa si sawa na kusema kwamba mishahara ya walimu inatosha. Hayo ni maswali mawili tofauti.

ZINGATIA: Dai linaweza kuwa la haki na mgomo usiwe halali. Vilevile mgomo unaweza kuwa halali na bado ukawaumiza wanafunzi waliokosa vipindi. Jibu zuri hutaja upande wa mwalimu, wa serikali na wa mwanafunzi.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha mgogoro wa haki na mgogoro wa maslahi. Toa mfano mmoja wa kila aina. (alama 4)
2. Mwalimu ana vipindi 24 vya dakika 40 na madaftari 200 ya kusahihisha kwa dakika 3 kila moja. Kokotoa saa zake za kufundisha na kusahihisha kwa wiki. (alama 4)
3. "Mahakama iliposimamisha mgomo wa 2012 ilikataa madai ya walimu." Jadili. (alama 12)

Dokezo la swali la 2: saa 16 + saa 10 = saa 26. Ukipata 16 tu, umesahau madaftari.