Asiyerudi Hana Msemaji

Tarehe 4 Aprili 1942, ndege ya kivita aina ya Catalina, iwezayo kutua majini mfano wa mashua, iliondoka Koggala katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Rubani wake, Leonard Birchall, Mkanada, na wenzake 8 waliona manowari za Kijapani zikija. Wakapeleka habari kwa simu ya upepo, kisha wakaangushwa. Watatu walikufa, sita wakatekwa hata vita vilipokwisha mwaka 1945.

Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, Colombo ilipigwa. Lakini ilikwisha kuonywa, na meli nyingi zilikuwa zimeondoka bandarini. Birchall akaitwa Mwokozi wa Ceylon.

Tarehe 9 Aprili, Catalina nyingine ya kikosi hicho hicho, ya rubani Rae Thomas, iliziona tena manowari hizo kabla ya kupigwa Trincomalee. Nayo iliangushwa, hakupona hata mmoja.

Mambo haya hayako mbali nasi. Baada ya mashambulio hayo, manowari kadhaa kubwa za Uingereza zilihamia Kilindini, Mombasa.

Sisi twasema kwamba kumsifu aliyerudi ni haki. Lakini aliyerudi hujisimulia mwenyewe. Asiyerudi hana msemaji ila walio hai, na bahari haiweki alama ya kaburi. Kazi yao ilikuwa moja, na damu yao thamani yake ni moja. Basi kila atajwapo Birchall, na watajwe pia Thomas na wenzake wote.