Majani ya mvua ya kwanza: sababu gani ng'ombe wangoje kidogo

Kuko aina moja ya majani ya malisho inayobeba jina la mto wetu. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa mimea, Germain na Evrard, waliyaandika kwa jina la Brachiaria ruziziensis, maana yake ya Ruzizi, kwa sababu ni humu bondeni yalipotambuliwa. Leo yanapandwa mbali sana. Brazili wakulima huyapanda pamoja na mahindi ao soya ili udongo usibaki wazi, Thailand pia wanayapanda kwa mifugo, na watafiti wa CIAT kule Kolombia waliyazalisha na ndugu yake mmoja wakapata aina mpya inayoitwa Mulato. Siku hizi wataalamu wanayaita Urochloa, lakini jina la Ruzizi hawakuliondoa.

Sasa pita barabara ya Kamanyola kwenda Uvira mwezi wa nane. Utaona udongo mwekundu, milima iliyochomwa ikawa myeusi, na ng'ombe ambao unaweza kuhesabu mbavu zao ukiwa ndani ya gari. Watu wengi husema jua ndilo limeua majani. Haiko hivyo kabisa. Majani ya nchi zetu yamezoea kiangazi tangu zamani: yanakauka juu, lakini chini yanalala tu. Mara nyingi yanauawa nyuma, mwezi wa tisa na wa kumi, wakati mvua imerudi na kila mfugaji anafurahi.

Tuelewe kwanza namna majani yanavyorudi. Ng'ombe akila, ao moto ukipita, mmea unapoteza sehemu ya juu, ile inayopokea jua na kutengeneza chakula chake. Inayobaki ni kisiki kifupi pamoja na mizizi. Humo ndani mmea umeweka akiba ya sukari, sawa vile mama anavyoweka mihogo mikavu ndani ya gunia akingojea miezi ya njaa. Mvua ya kwanza ikianguka, lile chipukizi la kijani tunaloliona linatoka kwenye akiba hiyo. Siku zile za kwanza mmea unatumia tu, hauingizi kitu. Majani mapya yakishakuwa marefu na mengi, njo yanaanza kulipa deni: yanatuma chakula chini, mizizi inarefuka, na machipukizi mengine yanatoka pembeni.

Ng'ombe akikata chipukizi hilo siku ya tano ao ya kumi, mmea unachota tena ndani ya gunia. Akirudia mara ya pili na ya tatu, gunia linakuwa tupu. Mizizi inafupika, haifikii tena maji yaliyo chini, na kiangazi cha mwaka unaofuata kinakuta mmea ambao tayari ni mgonjwa. Unakufa mwezi wa saba, tunasema ni jua.

Tena, ng'ombe mwenyewe hapati faida kubwa. Majani machanga ni maji zaidi ya chakula. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 hivi anahitaji kula kila siku karibu kilo sita ao saba za majani tukihesabu bila maji yake. Kwa majani mabichi ya mvua ya kwanza, hiyo inapita kilo 30. Atazipata wapi kwenye majani yenye urefu wa kidole? Anatembea kutwa nzima, anafyeka kidogo hapa kidogo pale, mavi yanakuwa ya maji, na jioni maziwa hayajai chupa. Wachungaji wanayajua haya kuliko mwandishi wa habari, lakini ng'ombe mwenye njaa akiona kijani, kumzuia ni kazi.

Moto nao unachota kwenye gunia lile lile. Desturi ya kuchoma mwishoni mwa kiangazi ina sababu zake: unaondoa majani makavu ambayo ng'ombe hataki, unapunguza kupe, na unaleta chipukizi hata kabla ya mvua. Chipukizi hilo la kabla ya mvua ndilo lenye gharama kubwa, kwani mmea unalitoa kwa akiba yake wakati udongo bado mkavu, kisha ng'ombe anakuja analikata. Moto wa mwezi wa nane ao wa tisa ni mkali sana pia, sababu kila kitu kimekauka mpaka chini. Unaunguza visiki vya majani mazuri, lakini Imperata, ile yenye ncha kali inayojaa mashamba yaliyochoka, mashina yake yanapita chini ya udongo na moto hauyafikii. Kila mwaka wa kuchoma hivyo, Imperata inaongeza shamba na malisho yanapunguka. Mwenye kulazimika kuchoma afadhali achome mapema, mwanzo wa kiangazi, wakati majani bado yana unyevu na moto unapita haraka bila kuchimba, na asichome sehemu yote mwaka mmoja.

Basi ng'ombe waingie lini? Usihesabu kutoka manyunyu ya kwanza, hesabu kutoka siku mvua imeanza kushika. Kwa kawaida inachukua majuma matatu mpaka manne. Kuliko kalenda, majani yenyewe yatakujulisha. Kwa yale ya Ruzizi, ngojea yafike sentimita 30 hivi, na ng'ombe watoke wakati yamebaki sentimita 15, karibu urefu wa kiganja chenye vidole vilivyonyooka. Kule juu kwenye baridi, majani ya kikuyu yanavumilia kukatwa chini zaidi, kwa sababu mashina yake yanatambaa juu ya udongo. Kuko pia njia moja isiyolipa hata franka: shika fungu la majani kwa mkono, vuta kwa nguvu sawa vile ng'ombe anavyovuta. Yakikatika, sawa. Yakitoka pamoja na mizizi, rudisha ng'ombe nyumbani.

Nyumbani watakula nini? Hapo ndipo shauri lote linaposimama ao kuanguka. Bonde letu lina chakula kingi ambacho tunakichoma. Kule Sange na Luberizi, mpunga ukishavunwa, mabua yake yanabaki marundo shambani, na mtu anawasha kibiriti ili asafishe. Mabua hayo hayana nguvu nyingi, ni kweli, lakini yakikaushwa vizuri na kuwekwa juu ya mbao, chini ya paa, yanamfikisha ng'ombe kwenye mwezi wa kumi, hasa ukiyachanganya na majani ya viazi vitamu ao vilele vya miwa. Mabua ya mahindi vilevile. Ni lazima kuyaweka mwezi ule yanapopatikana. Ukiyatafuta mwezi wa tisa utayanunua, kama yapo.

Baada ya mwanzo wa mvua, kazi inakuwa kupumzisha. Chukua malisho uyagawe sehemu tano. Ng'ombe wakae juma moja tu katika kila sehemu. Wakifika tena kwenye ya kwanza, itakuwa imepumzika siku 28. Kwa miezi ya mvua nyingi hiyo inatosha. Mvua ikipunguka mwezi wa tano, majani yanarudi polepole na mapumziko yarefushwe. Lakini wasipite juma moja mahali pamoja: ikifika siku ya nane ao ya tisa, chipukizi la mahali walipokula siku ya kwanza limetoka, na ng'ombe anapenda chipukizi kuliko jani lililokomaa. Atarudi kulikata huku majani marefu yakimwangalia. Njo maana malisho yanaweza kuonekana bado yamejaa kumbe yale mazuri yanakwisha.

Kugawa kunahitaji uzio, na waya ni bei. Wengine wanapanda miti ya kukata matawi pembeni, wengine wanatumia mtoto na fimbo. Ugumu mkubwa uko kwingine. Malisho mengi humu siyo ya mtu mmoja. Ukipumzisha sehemu yako siku 28, jirani anaona majani marefu, analeta ng'ombe wake usiku. Na kiangazi mifugo inashuka kutoka milimani kutafuta majani na maji bondeni, inapita kati ya mashamba, na muhogo ukiliwa ugomvi unaanza, mara nyingine unaisha kwa damu. Juu ya hayo, vita na wizi wa mifugo vinawasukuma wachungaji kukaa si mahali penye majani mazuri bali mahali wanapodhani watalala salama. Ng'ombe wengi wanarundikana kwenye kilima kimoja, hicho kilima kinakwisha. Kusema kwamba mfugaji hajui kutunza malisho, bila kuangalia haya, si haki.

Maoni ya mwandishi wa makala hii ni kwamba tarehe ya kufungua malisho ingepangwa sawa vile njia za kupitisha ng'ombe zinavyojadiliwa: viongozi wa kimila, wafugaji na wakulima wakae pamoja mwezi wa nane, kabla ya mvua. Wakulima wa mpunga wana mabua, wafugaji wana samadi. Hapo kuna kitu cha kubadilishana, na mkulima aliyeuza mabua yake kwa mfugaji ana sababu ya kutaka mfugaji huyo abaki jirani mwema.

Kwa mwenye kipande chake mwenyewe, hata kidogo, matete ni msaada wa haraka. Yapande kukata mteremko, yakate yakiwa kati ya mita moja na moja na nusu, kabla mashina hayajawa magumu sawa miti, na uache kisiki cha sentimita 10 mpaka 15. Mvua ikiwa nzuri utakata tena baada ya majuma sita ao nane. Lakini matete yanakula udongo sana: kila mzigo unaoutoa shambani, samadi irudi.

Na majani yenye jina la Ruzizi yanapandwa kwa mbegu ao kwa kupasua fungu lenye mizizi. Mbegu mpya haioti vizuri mara moja, inahitaji kukaa miezi kadhaa kwanza, kwa hiyo asiyefahamu anafikiri amenunua mbegu iliyokufa. Mapasuo ni rahisi zaidi: mvua ikishashika, yapande kwa nafasi ya sentimita 50, mahali ambapo maji hayatuami, kwani hayapendi kusimama ndani ya maji. Palilia mara ya kwanza na ya pili. Mwaka huo ng'ombe wasiingie mpaka majani yamefunika udongo kati ya mistari. Kama ni lazima, kata kwa mundu uwapelekee zizini.